Mzamiaji Kwenye Kioo

Dada huyu, jirani yetu mtaani, tulimwita Zambarau, maana vidole vyake havikuwahi kutakata hata siku ya harusi yake. Alikuwa fundi wa maabara ya hospitali, na kazi yake ilikuwa kutia rangi vinyama vilivyotolewa kwenye uvimbe wa watu. Kinyama hugandishwa ndani ya nta, hukatwa utepe mwembamba kuliko ganda la kitunguu, utepe huelea kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, naye huuopoa kwa kipande chembamba cha kioo. Kisha rangi: zambarau kwa viini vya seli, waridi kwa vingine vyote. Bila rangi huoni kitu. Ukishatia, daktari wa darubini anajua kama uvimbe ule ni wa kawaida au ni saratani.

Jumatatu moja aliingia kazini kama kawaida, akamtania mlinzi, akavaa koti, akawasha beseni lipate joto. Saa nne daktari wa darubini akamwita pembeni.

"Kile kinyama cha titi la mdogo wako nimekisoma," akasema. "Pole sana. Ni saratani. Alhamisi wanalitoa titi lote."

Mdogo huyo wa Zambarau, wa tumbo moja, alikuwa ananyonyesha kichanga cha miezi minne. Zambarau akaomba akione kioo kwa macho yake. Akainamia darubini. Karibu nyama yote ilikuwa safi, imetulia. Ila pembeni, peke yake, kilikaa kijipande chenye umbo la kisigino, viini vyake vyeusi vimebanana.

"Daktari, hiki kimejitenga. Hiki ni mzamiaji."

Mzamiaji ndilo jina walilokipa kijipande cha mgonjwa mmoja kinachobaki majini na kudandia kioo cha mgonjwa mwingine. Hutokea beseni lisiposafishwa. Daktari akakuna kidevu.

"Haya, kata upya kwenye nta ya mdogo wako. Nikikiona tena, basi ni chake, na Alhamisi iko palepale."

Sasa nani hakusafisha beseni? Zambarau hakuwa na haja ya kutafuta mbali. Alikuwepo mwenzake mgeni, ana wiki tatu tu pale, wenyewe walimwita Kimya. Bwana yule hasemi, hacheki, na inasemekana cheo cha Zambarau alikuwa anakimezea mate. Isitoshe, alikuwa na tabia ya kumtazama Zambarau kifuani, upande wa kushoto, kisha anageuza uso haraka kama mtu aliyefumaniwa. Zambarau alimchukia kuanzia siku ya kwanza, na leo akaona amempata.

"Mchawi mkubwa," akajisemea. "Umeshindwa kwangu, umemwendea mdogo wangu."

Saa ya chakula akamtoa nje, akafunga mlango kwa ufunguo. Akamwaga maji. Akasugua beseni kwa spiriti mpaka mikono ikamuuma. Akajaza maji mapya, akaweka wembe mpya, akakata. Utepe ukaelea, mweupe, mzima. Akauopoa.

Pembeni ya kioo kulikuwa na kisigino.

Tena kilikuwa cha zambarau tayari, na chupa za rangi alikuwa hajazigusa.

"Mungu wangu we!"

Akachukua kioo kingine, kipya, kikavu. Hakukata kitu. Alikichovya tu kwenye maji matupu. Akakitoa.

Kipo.

Akachukua cha tatu. Kipo. Cha nne. Kipo. Jasho likamtoka mgongoni, naye yuko chini ya kiyoyozi.

Mlango ukagongwa mara moja.

"Dada," Kimya alinong'ona kutoka nje. "Nifungulie. Acha niopoe mimi."

Alijuaje? Zambarau hakuwa amemwambia neno. Roho ilimkataza kufungua, lakini aliifikiria Alhamisi, akamfikiria yule mtoto. Akafungua.

Kimya hakumtazama usoni. Akakata tepe tatu kwenye nta ya mdogo wa Zambarau, akaopoa, akatia rangi. Wakaangalia pamoja. Cha kwanza safi. Cha pili safi. Cha tatu safi. Zambarau akaopoa cha nne kwa mkono wake.

Kisigino.

"Umenifanyia nini?" akauliza. "Nimekukosea nini mimi?"

"Si mimi, dada."

"Ni nani, basi?"

"Sijui. Ila vya mdogo wako ni safi. Kinakufuata wewe. Nenda kajipapase."

Zambarau akajifungia chooni. Akaingiza mkono ndani ya nguo. Kushoto, karibu na kwapa, vidole vikakuta kitu. Kigumu. Kidogo kama harage. Hakikuuma. Akakaa sakafuni akalia, analia kwa hofu na kwa furaha ya mdogo wake, hajui atangulize ipi.

Daktari alivisoma vioo vitatu vya Kimya, akafuta upasuaji wa Alhamisi. Mdogo wake analo titi lake, na mtoto ananyonya mpaka leo. Aliyelazwa mezani, wiki mbili baadaye, ni Zambarau.

Uvimbe wake ulipofika maabara, daktari aliupokea mwenyewe kutoka kwa mpasuaji, bado una joto. Kabla ya kuukata uvimbe wowote, pale maabara hupaka kingo zake wino mweusi, ili baadaye ijulikane mwisho wake ulikuwa wapi. Kimya akaleta chupa mpya ya wino, kizibo chake hakijafunguliwa.

Daktari akaugeuza uvimbe kwenye taa. Upande mmoja ulikuwa na pengo. Kingo zake safi, kazi ya wembe mkali. Akauleta karibu na kile kioo cha Jumatatu. Kisigino kiliingia barabara.

"Huyu aliwahi kupasuliwa?" akauliza polepole.

"Hajawahi," Kimya alijibu. "Faili linasema ngozi yake haikuwa na hata mkwaruzo."

Daktari akapitisha kidole chenye glavu ndani ya pengo lile, akakiinua kwenye taa. Kilikuwa kimeshika wino mweusi, bado mbichi, na chupa mkononi mwa Kimya ilikuwa bado imefungwa.