Waliaula Alikuwa Mfanyakazi wa Nani?

Robinson Oketch na mkewe Aoko walikodisha tenti na viti mjini Kisumu. Stoo yao ilikuwa nyuma ya nyumba, mtaa wa Migosi. Alhamisi na Ijumaa hawakupumua. Watu wengi huzika Jumamosi, na mwenye msiba hataki kusikia kwamba tenti zimechelewa. Aoko alipokea simu na kuandika oda. Robinson alisimamia lori na kupaza sauti.

"Saa moja lori iwe imetoka! Nani hajavaa fulana?"

Wanaume sita walifunga tenti zake. Wote walivaa fulana za kijani zenye jina la Oketch. Kiongozi wao aliitwa Waliaula. Alitoka Bungoma, akahamia Kisumu na mkewe Metrine na watoto wao watatu. Kwa miaka miwili alifika stoo kila siku isipokuwa Jumapili. Jioni alipokea malipo ya siku kwa simu.

Kila mmoja wa wale sita alikuwa ametia sahihi karatasi. Iliandikwa hivi: "Mimi ni kontrakta wa kujitegemea. Nikiumia ni juu yangu mwenyewe."

"Hii karatasi ulitoa wapi?" Aoko aliwahi kumuuliza mumewe.

"Kwa mwenzangu wa tenti. Inatuepusha na ushuru na bima."

Aoko hakuuliza tena.

Alhamisi moja lori lilikwenda kwenye boma moja karibu na Maseno. Uwanja ulikuwa mdogo, na waya wa stima ulipita juu yake. Waliaula alimpigia Robinson simu.

"Mzee, hapa si pazuri. Tusogeze tenti upande wa migomba."

"Mwenye boma anaitaka hapo hapo," Robinson alisema. "Fanyeni haraka. Kuna nyingine inangoja Kombewa."

Wakainua nguzo ya chuma. Ncha yake ikagusa waya. Waliaula alirushwa mbali, akaanguka juu ya mawe. Mikono yake yote miwili iliungua. Nyonga yake ilivunjika.

Wenzake walimkimbiza hospitali. Robinson alifika jioni. Alilipa pesa za kwanza, akaondoka kabla Metrine hajafika. Aoko alimuuliza ilikuwaje. Robinson alisema tu, "Ni ajali."

Jumapili, baada ya kanisa, walikuwa mezani wakila. Mlango ukagongwa kwa nguvu. Alikuwa Metrine. Aoko alimsogezea kiti, lakini hakuketi.

"Mume wangu hawezi kushika kikombe," alisema. "Mimi ndiye namnywesha maji kama mtoto. Siku tatu, Mzee Oketch! Siku tatu hujakanyaga pale."

"Pole, Mama," Robinson alisema. "Lakini kuna jambo hujui." Aliingia chumbani, akatoka na karatasi. "Waliaula alitia sahihi. Yeye ni kontrakta."

"Kontrakta ni nini?"

"Mtu anayejifanyia kazi yake mwenyewe. Si mfanyakazi wangu."

Metrine alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Kazi yake mwenyewe? Lori ni yake? Tenti ni zake? Manesi walimkata fulana mwilini kwa makasi. Ilikuwa na jina la nani? Mwaka jana mtoto wetu alilazwa. Baba yake akaomba siku moja. Ulimwambia asipokuja leo, asije tena. Kontrakta hufukuzwa hivyo?"

Robinson aliiweka karatasi mezani.

"Na alipokuambia tenti isogezwe, nani alikataa?"

Aoko aliweka kijiko chini. Metrine hakungoja jibu. Alitoka na kubamiza geti hadi mbwa wa jirani wakabweka.

"Alikuambia tenti isogezwe?" Aoko aliuliza.

"Aoko, tafadhali usianze."

"Nimeshaanza! Alikuambia, ukakataa. Kisha ukaja hapa ukaniambia ni ajali. Mimi nimelala kitanda kimoja na mtu anayejificha nyuma ya karatasi!"

"Unafikiri sina uchungu? Unajua bili ya hospitali inafika wapi? Wanataka kunimaliza!"

"Nani anataka kukumaliza? Yule asiyeweza kushika kikombe?"

Aoko aliichukua ile karatasi mezani, akaitia mkobani.

Jumatatu asubuhi Aoko alikwenda kwa jirani yao Adongo. Adongo alikuwa na ofisi ndogo karibu na soko. Alisaidia wafanyabiashara kupeleka ripoti za ushuru. Alijua kazi yake, na mdomo wake ulikuwa mkali. Robinson alifuata nyuma, amekunja uso.

Adongo aliisoma ile karatasi, akaitupa mezani.

"Hii haina maana. Jina unalompa mtu halibadilishi ukweli. Nani alimpangia saa za kuja?"

"Mimi," Robinson alisema.

"Vifaa vya nani?"

"Vyangu."

"Angeweza kumtuma mtu mwingine badala yake? Angeweza kukataa kazi yako aende kwa mwingine?"

"Hapana."

"Basi ni mfanyakazi wako. Hata kibarua, akikufanyia kazi mfululizo mwezi mzima na zaidi, sheria haimhesabu tena kama mtu wa siku moja. Na sheria ya kuumia kazini inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Hakuna sahihi inayoifuta."

"Kwa hiyo serikali inanipora!" Robinson alisema kwa ukali.

Adongo alipiga meza. "Serikali haikuinua chuma chini ya waya wa stima! Ukiumia wewe, mkeo aende kulia kwa nani?"

Robinson aliketi.

"Na Byron?" Aoko aliuliza. Byron ndiye aliyewajengea stoo. "Yeye pia ni mfanyakazi?"

"Byron ana vifaa vyake na mafundi wake. Anajengea watu wengi. Mlikubaliana kazi, akaifanya kwa njia yake. Huyo ndiye kontrakta wa kweli. Lakini hata yeye mna wajibu kwake. Mna PIN yake, namba yake ya ushuru?"

"Hapana."

"Mkataba? Ankara ya eTIMS, ile ya kielektroniki?"

"Tulimtumia pesa tu."

Adongo alitikisa kichwa. "Bila ankara ya eTIMS, watu wa ushuru, KRA, hawatakubali kwamba mlitumia pesa hizo kwa biashara. Mtatozwa ushuru kana kwamba bado mnazo. Tena, malipo ya kazi ya ujenzi yakifika shilingi elfu ishirini na nne kwa mwezi, mnakata shilingi tatu kwa kila mia. Mnazipeleka KRA kwa mtandao wao wa iTax ndani ya siku tano za kazi. Mkishalipa, Byron anapata cheti. Akipeleka ripoti yake, pesa hizo zinahesabiwa kuwa ushuru wake."

"Na mafundi wake wakianguka?"

"Muulize Byron bima yake kabla hajachanganya saruji. Uione kwa macho. Kama hana, mzigo unaweza kufika mlangoni kwako. Na viwango hivi hubadilika. Ulizeni KRA kila mwaka, msitegemee maneno ya watu wa tenti."

Kisha alimtazama Robinson. "Waliaula aliumia lini?"

"Alhamisi."

"Ajali ya kazi inaripotiwa ndani ya siku saba kwa ofisi ya usalama na afya kazini. Leo ni siku ya nne. Unangoja nini hapa?"

Robinson alikwenda siku hiyo hiyo. Ofisa alimpa fomu. Aliandika kila kitu, hata ile simu aliyopigiwa na Waliaula.

"Kampuni yako ya bima ni ipi?" ofisa aliuliza.

"Sina."

"Basi matibabu na fidia utalipa kutoka mfukoni mwako. Na kukosa bima ni kosa lingine."

Kutoka hapo Robinson alikwenda hospitali. Waliaula alikuwa amelala, mikono imefungwa bandeji hadi viwikoni. Metrine alisimama kando ya kitanda, akageuza uso.

"Nilikuambia, Mzee," Waliaula alisema.

"Uliniambia," Robinson alijibu.

Robinson na Aoko waliuza tenti mbili kubwa na jenereta. Aoko alikasirika kila mnunuzi alipopakia kitu, lakini yeye ndiye aliyewafungulia geti. Bili ya hospitali ililipwa. Baadaye daktari alipima kiasi cha ulemavu, na fidia ikapangwa.

Wakati huo Aoko alichukua mambo ya ofisi mikononi mwake. Wafanyakazi waliandikishwa NSSF kwa akiba ya uzeeni na SHA kwa bima ya afya. Kila mwezi, kabla ya tarehe tisa, alipeleka makato yao. Walikata bima ya kuumia kazini. Robinson aliandika amri mpya ukutani mwa stoo: kiongozi wa kikundi akisema mahali ni hatari, tenti haifungwi. Byron alirudi kuongeza ukuta. Safari hii alileta ankara na bima ya mafundi wake. Alinung'unika alipokatwa zile shilingi tatu. Alipopata cheti, alinyamaza.

Miezi saba baada ya ajali, waliitwa kwenye ofisi ya usalama na afya kazini kutia sahihi malipo ya mwisho ya fidia. Waliaula alikuja kwa fimbo. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimeanza kukunjika kidogo. Alikuwa amepata kazi ya kusimamia stoo ya vifaa vya ujenzi.

Baada ya sahihi, Robinson alimnyooshea Metrine mkono.

"Mkono baadaye," Metrine alisema. "Wale wengine wana bima?"

"Wote."

"Nionyeshe."

Aoko alitoa orodha ya bima kwenye mkoba. Metrine aliisoma polepole, akifuata kila jina kwa kidole. Kisha akainua macho.

"Juzi niliona kijana mpya kwenye lori yenu. Anaitwa nani?"

"Mark," Robinson alisema.

"Hapa hakuna Mark."

"Ameanza wiki hii. Tulitaka kumaliza mwezi kwanza..."

"Kwa hiyo waya wa stima utangoja mwezi uishe?"

Robinson alitoa simu, akampigia kiongozi wa kikundi. Lori lilikuwa karibu kuondoka kwenda Ahero.

"Mark ashuke," alisema. "Leo abaki stoo, ahesabu viti. Siku yake atalipwa."

Aoko naye alikuwa ameshampigia wakala wa bima. Alikuwa akimtajia namba ya kitambulisho cha Mark, tarakimu moja moja. Metrine alisimama palepale na kusikiliza mpaka tarakimu ya mwisho.