Konde Lililomkosa Nguzo

Puh! Puh! Puh!

Nguzo alizisikia ngumi hizo akiwa bado kwenye ujia. Alipofungua mlango wa chumba cha mabondia, kabati la chuma lilikuwa limebonyea kama kopo, na mchumba wake, Radi, anavuja damu vidoleni.

"Soma!" Akamtupia simu kifuani.

Ujumbe ulitoka kwa kocha, mjomba wake Radi: "Mwanangu, daktari amekuzuia kupigana. Kuna mtu kamwambia jana ulizimia mazoezini."

"Jana ulingoni tulikuwa wangapi?"

"Wawili."

"Nani aliniangusha?"

"Mimi."

"Na nani aliapa kufunga domo lake?"

"Mimi. Na aliyesema ni mimi."

Ngumi ikatua. Mdomo wa Nguzo ukapasuka. Ya pili ikamkuta mbavuni, mgongo ukagonga ukuta.

"Msaliti! Wakimbiaji wetu wameburuza mkia, waogeleaji wametolewa, wewe mwenyewe umelazwa chali raundi ya kwanza! Nimebaki mimi tu. Nikishinda robo fainali hii, medali ya shaba ni yetu, hata nikipigwa nusu fainali. Nchi nzima medali moja, moja tu! Umeona wivu?"

"Niite vyovyote. Jana ulipozinduka uliniuliza mimi ni nani."

"Nilikuwa nakutania!"

"Na kutapika kulikuwa utani?"

Radi akanguruma. Akalifyatua konde la kulia, lile lililowalaza wapinzani wawili wiki hiyo. Nguzo kasimama, mikono chini. Konde likampita sikioni, likavunja kioo cha ukutani. Akarusha jingine. Likakata hewa.

"Acha kukwepa, mwoga wewe!"

"Sijasogea, mpenzi."

Radi akakodoa macho. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka.

"Nguzo... mbona mko wawili?"

Nguzo alimdaka kabla magoti yake hayajafika kwenye vioo vilivyovunjika. Huko ukumbini kipaza sauti kikamtangaza mpinzani wa Radi kuwa mshindi, bila hata tone la jasho. Watu wakashangilia. Radi akamng'ata Nguzo bega kwa uchungu, kisha akalia kwa sauti, bila kujificha.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Na nikipona nakupiga tena."

Nguzo akatema damu, akambeba kuelekea kwa daktari.

"Nipige mbele ya mjomba, mbele ya mama yako, mpaka uchoke. Nitasimama. Lakini kichwa hiki, Radi, sitakigusa tena kwa ngumi, na hakuna medali itakayonifunga mdomo kukihusu. Nakuahidi."