Kitanda cha Saba

Kitanda alichopewa Hadeel kilikuwa na joto.

Aliligundua hilo siku ya kwanza, saa nane mchana, alipokipapasa ili atandike shuka. Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma tangu asubuhi, sakafu ya marumaru ilikuwa baridi hadi inauma nyayo, na chumba kile, kwa maneno ya wenyeji wake, hakikulaliwa na mtu majira yote ya joto. Lakini katikati ya godoro, pale mgongo unapokaa, palikuwa na uvuguvugu kama wa kiti ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi. Hadeel alicheka peke yake, akatandika. Mtu aliyepata kitanda walichokikosa wasichana arobaini haanzi kwa kulalamikia godoro.

Arobaini hao si chumvi. Chuo kilikuwa kikubwa, mabweni ya wasichana machache, na wazazi wa miji ya mbali kama Ibra na Sur hawakubali binti zao wapange flati ovyoovyo Muscat. Kwa hiyo kila Septemba wasichana walijaa sebuleni Beit Yasmini, nyumba ya mtaa wa Khuwair ya Kusini waliyokaa wanafunzi waliojiita Mayasmini. Walikunywa kahawa kwa adabu, wakacheka mizaha isiyochekesha, wakaomba moyoni wachaguliwe. Aliyepata kitanda alipata madada sita, lifti ya kwenda chuoni na vitabu vya waliotangulia. Aliyekosa alirudi kwao. Baba yake Hadeel alikuwa amekata maneno: Beit Yasmini, au khalas, abaki Ibra. Naye Hadeel alikuwa anautaka ufamasia tangu ana miaka kumi.

"Tumepiga kura, shoga," Nadra alimwambia kwa simu, sauti ikimtetemeka. "Umepita wewe. Njoo."

Nadra alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Bibi zao walitoka Unguja pamoja wakajenga mlango kwa mlango Ibra, na wajukuu wakakua wakila sahani moja. Nadra alitangulia chuoni na Beit Yasmini mwaka mmoja, akafeli, na sasa alikuwa anaurudia. Hakusema kilichomfelisha, na Hadeel hakumchimba. Rafiki humwachia mwenzake pahala pa kujisitiri.

Muscat baada ya adhuhuri hunyamaza kabisa. Maduka hufungwa, barabara hubaki na jua peke yake, na Beit Yasmini milango yote sita ya juu ilifungwa watu walale mpaka alasiri. Wiki ya pili, katika ukimya huo, Hadeel alijilaza ubavu, kitabu mkononi, akasikia godoro nyuma yake likibonyea polepole. Hakugeuka. Alisikia harufu ya udi uliomwagiwa maji, udi uliozimwa kabla haujaisha, kisha pumzi ikamgusa kisogoni, na katika pumzi ile kulikuwa na maneno. Mtu alikuwa anasoma. Alikuwa anasoma majina ya dawa, moja baada ya moja, na vipimo vyake, na madhara yake, yaleyale aliyoyahifadhi Hadeel asubuhi ile, bila kukosea hata moja, na sauti iliyoyasoma, alipotega sikio vizuri huku mwili umemfa ganzi kuanzia shingoni hadi vidoleni, ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Muadhini alipoadhini alasiri godoro lilirudi juu. Hadeel alifungua kitabu. Ukurasa aliokuwa ameupigia mistari kwa mkono wake ulikuwa mgeni machoni pake, hakuna neno alilolijua.

Ikawa hivyo kila mchana. Alijaribu kulala sakafuni, akaamka yuko kitandani. Alijaribu kukaa maktaba hadi jioni, lakini saa nane ilipogonga usingizi ulimwangusha juu ya meza, na udi ule ukamfuata hukohuko. Mtihani wa kwanza alikabidhi karatasi tupu. Mwalimu wake alimwambia kwa upole kwamba akishindwa na wa pili, jina lake litaondolewa.

Siku hiyo walipokuwa wanakula, Hadeel aliuliza, "Hivi, ile kura yenu mliipigaje?"

Vijiko sita vilisimama.

"Kwa mikono," akasema Nadra.

"Kwa karatasi," akasema mwingine, palepale.

Wakatazamana, kisha mmoja akaomba apitishiwe chumvi. Hadeel aliacha wali wake, akainuka.

Aliyemwambia ukweli ni Kyomuhendo, Mganda aliyewapikia na kuwafulia kwa mwaka wa tatu sasa. Alimkuta Hadeel chumba cha kufulia analia, akafunga mlango.

"Dada Hadeel, mimi nakwambia, lakini usiseme ni mimi. Kazi yangu itakwisha."

"Sisemi, wallahi."

"Hapa kullu, wote, wanajua. Marehemu mwenye nyumba aliacha sharti, vitanda saba vijae, kimoja kikibaki bure nyumba inarudi kwa warithi. Na hicho cha saba kina mwenyewe, jini. Kwa hiyo kila mwaka wanatafuta msichana wa kumpa. Wale arobaini ni maonyesho tu." Alitoa karatasi iliyokunjwa kutoka mfukoni mwa aproni. "Mimi ndiyo nafua foronya za kitanda hicho. Mwaka jana nilikuta ndani karatasi yenye jina la Nadra, ameandika yule dada aliyemaliza masomo. Mwaka huu nimekuta hii."

Hadeel aliujua mwandiko kabla ya kuusoma. Karatasi ilikuwa na maneno machache tu: *Hadeel. Nikimwita huja.*

Alisoma mara tatu. Aliumia mahali ambapo hakujua kuwa mtu huweza kuumia, maana jini hakumdanganya hata siku moja. Aliyemdanganya ni yule waliyekula naye sahani moja.

Ijumaa Kyomuhendo alimpeleka mtaa wa Darsait, kwa Bi Nunu, mwanamke aliyetibu watu katika flati yake iliyo juu ya karakana ya seremala. Bi Nunu aliunusa ushungi wa Hadeel, akaiangalia karatasi, akairudisha haraka.

"Nnaweza kumtoa jini aliyejiingiza, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Huyu wenu kakaribishwa. Kila mwaka mtu humpokeza mtu. Na hamtaki mtu yeyote tu. Humtaka yule anayekupenda, ambaye ukimwita atakuja. Ukimpata huyo akakaa pale kwa hiari yake, wewe umepona."

"Kwani anakula nini kwangu?"

"Kile ulichokishika zaidi moyoni. Kwako naona ni masomo. Kwa mwengine sijui." Alimshika mkono. "Rudi kwenu Ibra. Hilo ndilo nnalokushauri, na lingine sikulisema."

Walirudi kwa teksi. Nikisema alipambana na nafsi yake siku nyingi nitakuwa namsingizia. Kabla hawajafika Khuwair Hadeel alikuwa amekwisha kuamua.

Jumatatu, saa nane, nyumba ilikuwa kimya. Aliandika karatasi, *Nadra. Nikimwita huja*, akaitia ndani ya foronya, akalala, akashika simu. Nyuma yake godoro lilibonyea. Moyo wake ulitaka mambo mawili kwa mpigo: Nadra aje, yeye apone, na Nadra asije, ili ajue kuwa hakupendwa kamwe na aweze kumchukia kwa raha.

"Nadra. Siwezi kuinuka. Njoo."

Upande wa pili kilisikika kitanda kikilia, kama cha mtu anayeinuka kukaa.

"Uko kitandani?"

"Niko kitandani."

Simu ilikatika. Sauti iliyokuwa ikisoma kisogoni mwake iliacha kusoma, ikawa inasikiliza, na Hadeel naye alisikiliza, na wote wawili, kichwa kwa kichwa juu ya mto mmoja, walisikia mlango wa mbali ukifunguka, ndara zikigusa marumaru, zikisimama, zikisimama muda mrefu sana, kisha zikija.

Nadra aliingia na glasi ya maji ya ndimu. Macho yalikuwa mekundu. Alikitazama kitanda, akautazama mto, na Hadeel aliona wazi kwamba alijua. Aliweka glasi chini.

"Sogea," akasema. "Ulistahiki kuniita."

Akakaa.

Hadeel aliteremka mwepesi. Majina ya dawa yalimrudia kwa mafungu, na vipimo, na madhara, hata alipofika mlangoni alikuwa nayo yote. Alipogeuka, Nadra alikuwa amelala ubavu, ameukabili ukuta, na nyuma yake shuka ilikuwa imebonyea kwa urefu wa mtu. Kutoka pale palipobonyea ilitoka sauti ya Nadra, taratibu, kama mtoto anayehifadhi. Haikusoma masomo. Ilisoma mlango wa kijani wa Ibra, mkwaju ulioibwa jikoni kwa bibi, nywele walizosukana wakasahau kuzifumua, siku ya simu na uongo uliosemwa, usiku wote tangu hapo bila usingizi. Ilisoma jina la Hadeel, mara nyingi. Hadeel alifunga mlango, akakimbia chini, akakaa jikoni na Kyomuhendo.

Baada ya magharibi, Mayasmini walikusanyika mezani. Nadra alishuka wa mwisho, uso umepumzika, akavuta kiti kando ya Hadeel. Akamtazama kwa adabu, kama mtu anayetafuta la kusema.

"Samahani, dada," akasema. "Wewe ndiye mgeni wetu wa mwaka huu? Hatujajuana. Jina lako nani?"

Hadeel alilitaja.

"Jina zuri," Nadra akasema, akampakulia wali.