Kibao cha Baba Nesi

Mume wangu ni kinyozi, na mdomo wake unakwenda kasi kuliko mashine yake. Binti yetu alipoingia chuo cha uuguzi, hakuna mteja aliyetoka kitini bila kuambiwa. Haukupita muda, akapaka rangi kibao kipya, akakitundika juu ya mlango wa duka lake: KINYOZI BABA NESI.

"Bado hajahitimu, mzee," nikamwambia.

"Dalili ya mvua ni mawingu, mke wangu!"

Nami, sisemi uongo, nilikipenda kile kibao.

Tunaishi nyuma ya duka, hivyo binti alipita chini yake kila asubuhi akienda chuoni. Kumbe kilikuwa kinamwelemea. Akaanza kukosa usingizi. Chakula akawa anakigusagusa tu. Siku ya mtihani wa vitendo alirudi mapema, macho mekundu.

"Mama, nimefika mlangoni, mikono ikatetemeka. Nimeshindwa kuingia."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Moyo tu, unadunda. Wamenipa nafasi moja ya kurudia. Nikiikosa hiyo, chuo basi."

Baba yake akaja juu. "Woga gani huo? Mtoto wangu mimi?"

Nikamtazama kwa jicho lile analolijua. Akaketi.

Kesho yake tulikwenda wote watatu kwa mshauri wa wanafunzi pale chuoni, mama mmoja mpole. Hakutuhubiria. Alimwuliza binti, "Unaogopa nini hasa?"

Binti akatazama sakafu. "Naogopa kibao cha baba. Nikifeli, mtaa mzima unakisoma."

Lo! Mume wangu, bingwa wa maneno, akainamisha kichwa.

"Hofu si uvivu, wala si aibu," mshauri akaeleza. "Humpata hata mwanafunzi hodari. Moyo ukienda mbio, vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi, mpaka utulie. Somo kubwa ligawe vipande vidogo. Usikeshe, lala. Na fanya mazoezi mbele ya watu, ili mkono uzoee kutazamwa. Hofu ikizidi, usijifungie ndani. Njoo tuzungumze."

Kisha akatugeukia sisi. "Nanyi msifuni kwa bidii yake ya leo, si kwa cheo ambacho hajakipata."

Jioni ile baba mtu alipanda ngazi, akakishusha kibao, akakiweka nyuma ya mlango wa duka. Hakuna aliyemtuma. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akakunja mkono wa shati.

"Haya mwanangu, nipime presha. Mimi nitakaa kimya."

"Wewe? Kimya?" nikasema. Tukacheka mpaka machozi.

Tangu hapo kila jioni binti alitupima, sisi na wateja, akieleza kila hatua kwa sauti. Mwanzoni mikono ilitetemeka. Alitulia, akapumua, akaendelea. Nilimwona hivyo nikaona fahari kuliko siku ya kibao.

Siku ya kurudia mtihani, moyo ulidunda tena pale mlangoni. Safari hii alipumua, akaingia nao hivyo hivyo. Akafaulu.

Wateja walipouliza habari za binti, baba yake alijibu, "Muulizeni mwenyewe." Alijikaza kweli, maskini.

Siku alipohitimu, binti alikwenda moja kwa moja nyuma ya mlango wa duka, akakitoa kile kibao, akakifuta vumbi.

"Baba, nishikie ngazi."

Alimshikia, machozi yakimtiririka, hana neno. Basi nikakisoma mimi, kwa sauti, mtaa mzima usikie: "KINYOZI BABA NESI!"