Makasia ya Lango la Mzee Mogesi

Mpaka leo sijui maji ya chumvi yalifikaje kijijini kwetu Busawe, mbali na bahari, kwenye viganja vya dada yangu. Mengine yote nimejaribu kuyaelewa, na mtu simlaumu upesi.

Dada yangu Winfrida ameolewa na Thadeo, seremala aliyetoka Njombe kutafuta dhahabu akaikosa. Mwaka jana kambi moja ya watalii ilimwagiza pambo la bustani: merikebu ya Waviking, mabaharia wa kale wa Ulaya kaskazini, yenye tanga na makasia manane. Kijiji kizima kilicheka.

“Fundi, hiyo utaifunga nira ya ng'ombe gani?”

“Nyie wachungaji mnajua nini!” alijibu.

Kwa makasia alitaka mti mgumu, mkavu. Akachomoa miti minane ya kufungia lango la zizi la baba yetu, Mzee Mogesi, aliyezikwa pale wiki mbili kabla. Kwetu miti hiyo haiguswi mpaka wafiwa wanyolewe.

“Mkwe, rudisha,” alisema mama yetu, Waisiko.

“Mama, marehemu anafungia nini tena? Hizi ni kuni tu.”

Saa sita mchana alipachika kasia la nane. Hakukuwa na upepo. Tanga likajaa.

Ndani, Winfrida aliketi sakafuni. Akanyoosha mikono kama ameshika kasia. Akavuta. Akanyoosha. Akavuta.

“Dada, acha,” nilinong'ona.

“Wananihimiza.”

“Nani?”

“Baba yuko mbele. Wengine siwajui.”

Siku ya tatu viganja vilichanika. Nilionja maji yaliyotiririka. Chumvi. Hakula. Hakulala. Mbavu zikaonekana.

Thadeo akaacha kucheka. Aliyabeba makasia mwenyewe, moja moja, wazee wakimtazama kama mbwa aliyeiba nyama. Langoni, saba yakaingia. Nafasi ya nane ilikuwa tayari na mti. Mbichi. Wenye gome jeupe ambalo hakuna aliyelijua.

Winfrida bado alivuta.

“Mama,” Thadeo alinong'ona, “hao Waviking walikuwa wakichoma wafu wao ndani ya merikebu.”

Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani.

“Ulijua hilo, ukaileta kwenye msiba wangu? Ichome. Yote. Na kasia lililobaki liwe humo humo.”

Hakuna aliyemsaidia. Thadeo aliwasha moto kwa mkono wake, akasimama pale mpaka mlingoti ukaanguka. Ndipo mikono ya dada yangu ikatulia.