Ng'ombe Aliyegoma Kusema

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani, lakini Chapuchapu alikwenda chumba cha kompyuta. Alifungua madirisha, akapangusa vumbi mezani, akawasha mashine moja baada ya nyingine. Jina hilo la Chapuchapu alipewa na mama yake, na kwa kweli lilimkaa sawasawa. Alikula haraka, aliongea haraka, na darasani mkono wake ulikuwa hewani wakati mwalimu bado anavuta pumzi ya kuuliza swali.

Muhula huo kulikuwa na kazi moja iliyowanyima watoto wa kikundi cha kompyuta usingizi. Mwalimu wa kompyuta alikuwa ametengeneza programu ya kuwafundisha maneno watoto wa darasa la kwanza. Mtoto anabonyeza picha ya mnyama, na mashine inamtajia jina lake. Chapuchapu alipewa kazi ya kukusanya sauti na kuyapa majina mafaili yote. Sauti yenyewe ilikuwa ya Kipaza.

Huyu Kipaza alikuwa mvulana wa darasa lao, mwembamba, lakini sauti yake ilikuwa nzito na kubwa mno kuliko mwili. Akinong'ona nyuma, aliyekaa mbele aligeuka. Walimu walimwambia apunguze, wenzake walimcheka, na kwenye kwaya aliombwa kwa upole achezeshe midomo tu. Sasa, kwa mara ya kwanza, mtu alikuwa amemwambia aseme kwa nguvu. Tangu siku hiyo alikuwa anafika shuleni kabla ya geti kufunguliwa.

Basi Ijumaa ikafika, siku ya kuijaribu programu. Mwalimu alibonyeza kuku, mashine ikasema "Kuku!" mpaka vioo vikatetemeka. Akabonyeza mbuzi, akabonyeza punda, watoto wakashangilia. Akabonyeza ng'ombe. Kimya. Programu yote ikajifunga pap, kioo kikabaki kitupu. Akaifungua upya, akarudia, na ng'ombe akagoma vilevile.

Mwalimu hajauliza kitu, Chapuchapu akadakia. "Ni Kipaza, Mwalimu. Jana wakati wa mapumziko alikuwa anaichezea hii mashine."

Ukweli ni kwamba alimwona Kipaza amekaa kwenye kiti mbele ya mashine, basi. Kuchezea hakumwona. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Kipaza alifungua mdomo, na Mwalimu, aliyekuwa amechoka na aliyejua darasa la kwanza wanakuja Jumatatu, akamnyooshea kidole mlangoni. Alisema asimwone tena humo ndani, na kwamba Jumatatu asubuhi zile sauti zote zitafutwa, zirekodiwe upya kwa sauti ya mtu mwingine. Kipaza mwenye sauti ya kujaza uwanja akaokota begi lake, akatoka.

Chapuchapu alirudi nyumbani na kitu kinamkereketa moyoni. Hakutaka kukiangalia sana, akajiambia dawa ni kumponya ng'ombe, yaishe. Kwa bahati alikuwa amenakili programu nzima kwenye flashi, na Jumamosi asubuhi akaenda nayo kazini kwa mama mdogo.

Mama mdogo, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa kutunza kompyuta za kampuni ya kusafirisha mizigo. Chumba chake kilikuwa na baridi kali, feni zinavuma mchana kutwa, nyaya zimefungwa mafungu mafungu, na yeye amevaa sweta huku nje watu wanatoka jasho. Alisikiliza kisa chote, kikiwemo kipande cha Kipaza, kisha akachomeka flashi kwenye mashine yake. Kuku akasema, mbuzi akasema. Ng'ombe, pap, programu ikajifunga.

"Huyo mwenzako amewahi kuingia humu ndani?" mama mdogo akauliza.

"Hapana, mama mdogo."

"Na mashine yangu je, nani ameiharibu?"

Chapuchapu, bingwa wa majibu, akaitazama mashine, kisha flashi. Mama mdogo hakumkalia kooni. Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri na kumweleza kwamba programu yoyote, hata iwe na akili vipi, haiwezi yenyewe kufungua faili. Ndani kabisa ya kompyuta kuna kiini cha mfumo, na kiini hicho ni kama mtunza stoo aliyekaa dirishani. Programu inaomba: nifungulie hiki, nisomee kile, nipe nafasi. Kiini kinatoa, au kinakataa na kusema sababu. Watu hawayaoni maombi hayo, lakini ipo amri inayoyafuatilia yote na kuyaandika kwenye kioo jinsi yanavyopita.

Akaiandika amri hiyo, akaanzisha programu, na jamani! Mistari ilimiminika kwenye kioo, ombi juu ya ombi, mamia kwa mamia, na bado picha ya kwanza haijabonyezwa. Chapuchapu alisimama wima kwenye kiti. Hakuwahi kufikiria kwamba ndani ya lile boksi kulikuwa na mazungumzo namna ile. Papo hapo akaanza kukisia, mara labda sauti imeoza, mara labda nafasi imejaa, mara labda ni kirusi.

"Usiniambie unachodhani," mama mdogo akamkatiza. "Nisomee unachokiona."

Ilikuwa kazi ngumu kwa mtoto kama yule, lakini alikaa, akaweka kidole kwenye kioo, akasoma mstari baada ya mstari. Walipobonyeza kuku, programu iliomba kufunguliwa faili la kuku, na kiini kikakubali. Walipobonyeza ng'ombe, iliomba faili la ng'ombe, na jibu la kiini maana yake ilikuwa hivi: hakuna faili lenye jina hilo.

Chapuchapu akaruka. Alisema basi Kipaza amelifuta! Mama mdogo hakubisha, alimwambia tu aorodheshe mafaili ya sauti. Akaorodhesha. Kuku, mbuzi, punda, na hapo katikati, bila wasiwasi wowote, ng'ombe. Faili lipo! Programu inaliomba, faili lipo, na kiini kinasema halipo. Akamwambia mama mdogo kwamba kiini kinadanganya.

Mama mdogo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alisema kiini hakina hata akili ya kudanganya, kinajibu kile tu kilichoulizwa. Halafu akashauri waifuatilie pia ile amri ya kuorodhesha mafaili, waone jina la faili lilivyo kwa macho ya mashine. Mistari ikamiminika tena. Jina la kuku lilikuwa safi, la mbuzi safi. Lakini la ng'ombe lilikuwa limekatika, katikati ya "ng" na "ombe" pamejaa namba.

"Pale penye ritifaa!" Chapuchapu alisema, pumzi zimempaa. "Pale penye ritifaa pana namba!"

Ndipo mama mdogo akamweleza. Ritifaa, kile kialama cha juu, kipo cha aina mbili. Kuna kilichonyooka, kinachochapwa kwenye kibodi ya kompyuta, na kuna kilichojikunja. Kwa mtu vyote ni ritifaa tu, mtu anasoma ng'ombe na kwenda zake. Kwa kiini ni herufi mbili tofauti, kwa hiyo ni majina mawili tofauti. Chapuchapu akasogeza pua mpaka ikagusa kioo. Kweli bwana! Programu iliomba jina lenye ritifaa iliyonyooka, na stoo kulikuwa na jina lenye ritifaa iliyojikunja.

Wazo likamjia, akalitamka kabla ya kugusa kitu. Kati ya wanyama wote, mwingine mwenye ritifaa alikuwa ng'e, na ng'e hakuna aliyekuwa amemjaribu. Kama ni hivyo, na yeye atagoma. Akabonyeza picha ya ng'e huku amefumba jicho moja. Pap! Programu ikajifunga, na Chapuchapu akarukaruka mpaka kiti chenye magurudumu kikakimbia kugonga meza. Hakujawahi kuwa na mtu aliyefurahia kitu kuharibika kiasi kile.

Mama mdogo akasubiri vumbi litulie, kisha akauliza kwa upole ni nani aliyeyaandika majina ya mafaili.

Furaha ikamshuka yote. Aliyaandika yeye, haraka haraka, kwenye simu ya mama yake waliyorekodia sauti, na simu ile huikunja ritifaa yenyewe bila kuombwa. Kipaza hakuandika hata herufi moja. "Mimi," alisema, kwa sauti ya kusikika kwa shida.

Aliyaandika upya majina mawili kwa ritifaa iliyonyooka, akabonyeza. "Ng'ombe!" Sauti ya Kipaza ikajaza chumba, ikazishinda feni zote. Chapuchapu alicheka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka. Mama mdogo hakumgombeza. Alimuuliza tu Jumatatu atafanya nini.

Njia rahisi ilikuwepo, na aliiona vizuri. Angeweza kuweka mafaili mapya kimyakimya, apigiwe makofi kama fundi, na jina la Kipaza libaki palepale lilipochafuliwa. Jumatatu alimkuta Mwalimu ameshika kipanya, tayari kufuta. Akamwomba asubiri kidogo, akatoka mbio, na kurudi amemshika Kipaza mkono. Kikundi kizima kilikuwa kinatazama. Alipiga moyo konde.

"Siyo Kipaza, Mwalimu. Ni mimi. Niliyaandika majina vibaya, halafu nikamwangushia yeye jumba bovu. Wala sikumwona akichezea kitu." Akamgeukia Kipaza. "Nisamehe."

Akachomeka flashi, akabonyeza, na ng'ombe akasema. Hakuna aliyeshangilia. Mwalimu akamuuliza Kipaza siku ile wakati wa mapumziko alikuwa anafanya nini kwenye kile kiti.

"Nilikuwa najisikiliza," Kipaza akasema. Kwa mara ya kwanza alisema kwa sauti ya chini. "Sikujua kama sauti yangu inaweza kuwa nzuri."

Mwalimu akaweka kipanya chini. "Mashine imeulizwa, na ikajibu mstari kwa mstari," aliwaambia watoto wote. "Kipaza alikuwa hapa, ana mdomo, na hakuna aliyemuuliza hata swali moja. Chapuchapu hakumuuliza, na mimi mtu mzima sikumuuliza. Unachodhani siyo ushahidi, hata kikija haraka namna gani. Uliza kwanza, usikilize, ndipo useme. Kipaza, nisamehe na mimi."

Kipaza alimtazama Chapuchapu, akatikisa kichwa, akasema, "Siku nyingine majina nitayaandika mimi." Wote wakacheka, na Chapuchapu akacheka kuliko wote. Kisha Mwalimu akamwambia Kipaza akae kiti cha mbele, maana darasa la kwanza walikuwa wameshapanga mstari mlangoni.