Viatu Vilivyotazama Mlango

Pasipoti ya mtoto haikuwemo.

Bibi alipiga magoti mbele ya kabati, akavisukuma viatu pembeni vyote kwa pamoja, akaingiza mkono ndani ya sefu ndogo iliyokazwa sakafuni, akapapasa kila pembe. Hereni zake zilikuwemo. Pasipoti yake mwenyewe ilikuwemo. Ya mjukuu, hakuna. Ilikuwa saa nne asubuhi, kesho yake meli ingerudi bandarini, na jana kabla ya kulala aliziona pasipoti zote mbili kwa macho yake haya haya, moja juu ya nyingine.

"Yarabi," alisema peke yake. "Nimeanza tena."

Sefu aliikuta imefungwa vizuri. Mlango wa chumba haukuwa na hata mkwaruzo. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na juu yake taulo zimekunjwa zikawa tembo, kama alivyozoea kufanya mhudumu wa chumba kumfurahisha mtoto. Viatu alivyovisukuma, vyake na vya mjukuu, vilisimama safu moja, ncha zikitazama mlango, kamba zimelegezwa. Aliviona, wala kwa wakati ule hakuvitia maanani. Alikuwa na hofu nyingine.

Hofu yenyewe ilikuwa hii. Binti yake alipofariki, alimwachia mjukuu wa kike ambaye sasa alikuwa na miaka saba, anayesema kutwa kucha hadi nyumba nzima ikamwita Chiriku. Bibi alimlea. Ndipo mwanawe wa kiume, daktari wa meno, akawakatia wote tiketi za meli ya kitalii: Bibi, Babu, Chiriku, yeye na mkewe. Mama, ukapumzike. Lakini tangu wapande, Bibi alikuwa hapumziki, alikuwa anaumbuka. Kwanza miwani yake ilionekana ndani ya ndoo ya barafu. Kisha mchana mmoja hakumfuata Chiriku kwenye chumba cha michezo, mtoto akakaa huko akilia mpaka wahudumu wakapiga simu. Bibi alijitetea kwamba mumewe ndiye aliyemwambia mtoto yuko na mkwe. Babu akamtazama kwa huruma. "Mke wangu, hayo nimeyasema lini?" Bibi akajiona mkosaji, kwa sababu mume huyo hajawahi kumdanganya hata kuhusu bei ya nyanya.

Jana walimpeleka kwa daktari wa meli. Aliulizwa leo ni siku gani, na taja vitu vitatu nilivyokuambia. Babu alikaa kando yake amemshika mkono muda wote. Usiku ule mwanawe akasema, kwa sauti ya upole inayokata kuliko kisu, "Mama, tukifika kesho kutwa Chiriku atakuja kwetu. Chumba chake tumeshakiandaa." Sasa pasipoti nayo!

Alipopanda bwawani kuwaambia wote, mwanawe alishusha pumzi tu. "Unaona, Mama?"

"Nipe mpaka chakula cha mchana," alisema Bibi.

"Ufanye nini?"

"Niulize watu maswali."

Hapo tumweleze vizuri. Bibi alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kustaafu, na wanafunzi walimwita Mama Kengele. Kalamu ilipoibwa darasani hakuchapa mtu wala hakupiga kelele. Alimwita mmoja mmoja, akauliza jambo dogo, kisha akanyamaza. Watoto wa watu walikuwa wakitapika ukweli wenyewe. Akili yangu ikiwa imekwenda, alijiambia, basi nitajua leo. Na kama haijakwenda, pia nitajua.

Alimkuta mhudumu wa chumba kwenye korido, anasukuma kitoroli cha mashuka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Sefu yangu umeigusa?"

Kijana alibadilika rangi. "Bibi, nakuomba. Namba zenu sisi hatuzijui. Nikitajwa kwenye wizi nashushwa kesho, na kazi ndiyo basi."

"Sijasema wizi. Viatu je? Wewe ndiye uliyevipanga?"

"Viatu vya abiria hatugusi, ni amri. Tunapiga deki kuvizunguka. Mwenzangu aliwahi kusogeza kiatu kimoja cha mgeni, akaambiwa ameiba cha pili." Alicheka kidogo, akaona Bibi hacheki, akaacha. "Nilifunga mlango mkiwa bado kwenye chai. Kiatu kimoja cha mtoto kilikuwa bafuni, kingine chini ya kitanda. Kama kila siku."

Bibi alipiga hesabu moyoni. Basi kuna mtu aliyeingia baada ya usafi, akainama, akakusanya viatu, akavipanga. Yeye mwenyewe hakuvipanga. Au alivipanga akasahau? Alishuka ngazi kwenda mapokezi.

Mapokezi, binti mwenye kucha ndefu alitazama kompyuta yake. Milango ya meli hufunguliwa kwa kadi, na kila kadi hujiandikisha yenyewe.

"Baada ya mhudumu kutoka, mlango wako ulifunguliwa saa tatu hivi," alisema. "Kwa kadi ya ziada. Halafu wewe, saa nne."

"Kadi ya ziada iko kwa nani?"

"Kwa mkweo, Bibi. Mlimpa siku ya kwanza."

Lo! Tuseme ukweli, Bibi alifurahi. Mtu akikuambia kwamba hujarukwa na akili, na papo hapo akakupa mkwe wa kumlaumu, hiyo ni sikukuu mbili kwa siku moja. Alipanda ngazi hadi sitaha ya juu kama msichana.

Mkwe alikuwa bado ndani ya bwawa, Chiriku ameng'ang'ania shingo yake.

"Hebu toka majini," alisema Bibi. "Umekwenda chumbani kwangu kutafuta nini?"

"Mimi, Mama? Tangu tumalize chai niko hapa."

"Kweli, Bibi!" Chiriku alidakia. "Anti ananifundisha kuelea! Hajatoka hata mara moja, na mimi nimekunywa maji, na yule mzee pale kofia yake imeruka baharini, na..."

"Kadi yako iko wapi?"

Mkwe alionyesha mfuko juu ya kiti. Kadi ilikuwemo.

"Nani alikuwa anaulinda?"

"Babu," alisema Chiriku. "Ila akaenda chooni, akakawia mpaka vidole vyangu vikakunjamana. Ona!"

Bibi alitazama vidole, akavibusu, akamwambia arudi majini sehemu ya watoto. Kisha akamkalisha mkwe.

"Namba ya sefu yangu unaijua?"

"Nitaijuaje, Mama?"

Kweli, angeijuaje? Namba yenyewe ilikuwa mwaka aliozaliwa marehemu binti yake. Mkwe aliolewa wakati binti ameshazikwa, na kwa aibu au kwa woga hakuwahi kuuliza habari zake. Waliobaki melini wanaoujua mwaka huo walikuwa watu wawili. Furaha yote ya ngazi ikamtoka Bibi miguuni.

"Mama," mkwe alisema polepole, "nikuambie jambo? Utanichukia."

"Sema."

"Mimi sikumwomba mtu mtoto. Nampenda Chiriku, lakini kazi zetu unazijua, atalelewa na televisheni. Ni Baba. Alitupigia simu kabla ya safari, akasema umeanza kusahau, unaacha jiko linawaka. Safari hii ni wazo lake. Alisema tukikaa nawe siku chache tutajionea wenyewe."

"Jiko gani?"

Mkwe alivuta taulo, akajifunika mabega. Nyumbani, Bibi hakuwahi kuacha jiko linawaka.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Bibi alikuwa ameifundisha methali hiyo kwa watoto wa watu miaka na miaka, wala hakuwahi kukagua nguo zake mwenyewe. Alimfuata mumewe upande wa kivuli, alikokuwa amekaa anamenya chungwa. Alipomwona alimpa nusu, kama siku zote.

"Umepata kitu, mke wangu?"

"Bado. Wewe hukuingia kule chumbani, ukaniona nikiiweka mahali?"

"Mimi? Hata kukanyaga sijakanyaga tangu tupande. Si nyinyi mlionifukuza nikalale chumba cha peke yangu kwa kukoroma?" Alicheka, akampapasa bega. "Usijitese. Uzee ni mzigo wa wote."

Bibi alikula chungwa lake. Lilikuwa tamu, na hilo nalo lilimuuma. Alirudi chumbani, akafungua kabati, akatazama viatu pale pembeni alipokuwa amevisukuma. Alivitazama sana. Halafu akakaa kitandani kando ya tembo wa taulo, akalia kama hajawahi kulia tangu msiba.

Saa saba walikaa mezani, watu wazima wanne. Chiriku alikuwa chumba cha michezo. Bibi hakugusa kijiko.

"Akili yangu ni nzima," alianza. "Pasipoti imechukuliwa na mtu aliyeingia kwa kadi ya mkwe, wakati mkwe yuko majini. Mtu huyo anaujua mwaka aliozaliwa marehemu. Mko wawili."

"Mama, unanishuku mimi?" Mwanawe aliweka uma chini.

"Wewe viatu vyako tangu mtoto nakuokotea mimi. Sefu iko nyuma ya viatu. Aliyeingia alikuta vya Chiriku vimetupwa huku na huku, na kwa haraka zake zote za mwizi, hakuweza kuviacha hivyo. Alivipanga. Ncha mlangoni, kamba zimelegezwa, mtu aweze kuvirukia na kukimbia." Alimgeukia mumewe. "Miaka yote uliyokuwa zimamoto ulivipanga hivyo. Umestaafu, bado unavipanga hivyo, na mimi nakutania kila usiku kwamba moto umezimika, mzee, lala. Mikono yako imefanya bila kukuuliza. Uliniambia hujakanyaga."

Babu alifungua mdomo. Bibi akanyamaza. Alimnyamazia vile alivyokuwa akiwanyamazia watoto wa kalamu, akamtazama, akaendelea kumtazama. Mhudumu alikuja na mtungi wa maji, akaona hali, akarudi nao.

Babu aliingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa pasipoti, akaiweka mezani.

"Ningeitia kwenye mkoba wako jioni," alisema. "Isingepotea."

"Baba!" mwanawe alinong'ona.

"Na miwani?" aliuliza Bibi.

"Ndiyo."

"Na mtoto, uliniambia yuko na mkwe."

"Ndiyo."

"Akalia mle ndani mpaka sauti ikakauka."

"Sikujua angelia." Babu alifuta uso kwa kiganja. "Hebu nisikilizeni na mimi. Nimelala nje ya nyumba yangu nusu ya ndoa yangu, nakimbizana na moto wa watu. Nikasema nikistaafu tutakaa, mimi na mke wangu, tunywe chai tukiangaliana. Tukazika binti. Hata machozi hayajakauka, tukaletewa mtoto. Sasa kitandani analala katikati. Nikisema neno, 'subiri, mtoto anasema'. Nikiumwa mgongo, 'subiri, mtoto ana homa'. Ningekwambia apelekwe kwa mjomba wake, ungekubali?"

"Hukuniambia, basi hatutajua."

"Ungekataa! Ila ukiona mwenyewe umechoka, ungemwachia kwa moyo mweupe. Sikutaka kukuumiza. Nilitaka mke wangu."

"Ulikuwa naye," alisema Bibi. "Mpaka leo asubuhi ulikuwa naye."

Bibi aliendelea.

"Juzi nililia mbele yako. Nikakwambia naogopa, mzee wangu, naogopa nitafika siku nisimjue Chiriku, nisikujue wewe. Ukanipa leso. Kwa daktari ulinishika mkono nikihesabu siku za juma kama mtoto wa chekechea, na ulikuwa unajua. Mwizi wa kuvunja mlango ningemsamehe. Wewe uliniacha nijiogope mwenyewe."

Babu alilia. Lilikuwa jambo baya kuliona, mzee mrefu vile, na mkwe akageuza uso. Mwanawe naye macho yalikuwa mekundu.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nilimwamini. Chiriku atabaki na wewe, sitalisema tena. Lakini kesho tukishuka... mtakwendaje nyumbani?"

"Si mlisema kesho mtaondoka na mtu mmoja kutoka kwangu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Chumba mmeshakiandaa?"

Mwanawe alimtazama mkewe. "Kimeandaliwa."

"Mchukueni baba yenu."

Alichukua pasipoti, akainuka. Babu alimwita kwa jina alilokuwa akimwita ujana wao, ambalo hakuna mwingine pale aliyelijua, na Bibi alisita, mkono juu ya kiti. Kisha akaenda zake.

Chiriku alimwona kutoka mbali, akamjia mbio na rangi usoni, maneno yametangulia miguu.

"Bibi, nimechora samaki, na kuna mtoto hapa anaweza kusimama kwa kichwa, na pasipoti yangu, imeonekana?"

"Imeonekana."

"Ilikuwa wapi?"

Katika maisha yake yote ya ualimu Bibi hakuwahi kumdanganya mtoto, na hakuona sababu ya kuanza leo.

"Alikuwa nayo Babu."

"Aah!" Chiriku alishusha pumzi, akacheka. "Basi ilikuwa salama."

Bibi alimfuta rangi shavuni kwa kidole. Alimfuta muda mrefu kuliko rangi ilivyohitaji, kisha akamshika mkono, wakaenda kula.